Taa ya Jikoni Iliyokuwa Ikijizima

Toleo lililopita niliahidi kuandika kuhusu chanjo za watoto wanaokwenda nyumbani likizo. Ahadi ipo, itakuja. Safari hii nimeomba nafasi niseme habari ya taa, kwa sababu nusura ituunguzie nyumba, na kosa kubwa lilikuwa langu mimi, ambaye nalipwa mshahara kwa kusikiliza vitu vinavyolia.

Tunaishi Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha. Fereej kwa Kiarabu cha Ghuba ni mtaa, na huu ni mtaa hasa: maghorofa ya zamani yaliyobanana, mafundi cherehani, maduka ya dawa, vijimgahawa vya chai ya karaki, na tangu mwaka 2019 kituo cha metro chenye jina la mtaa wenyewe. Sisi tuko ghorofa ya juu kabisa. Kodi yake ni nafuu kidogo, na sababu unaijua ikifika Juni: zege la paa linapigwa na jua kutwa nzima, na usiku linaendelea kutoa joto kama jiko la mkaa lililoepuliwa chungu sasa hivi.

Juu ya meza ya jikoni, pale mwanangu wa miaka saba anapofanyia kazi za shule, kuna taa ya LED ya duara iliyozamishwa kwenye dari ya jipsamu. Mapema Juni ikaanza kisirani. Inawaka vizuri, halafu katikati ya maandazi inazima. Ukiiacha, baada ya muda inarudi yenyewe, hakuna aliyegusa swichi. Mwanangu alisema ina jini. Baba yake alisema ni feki. Mimi nikafanya ninachofanya nikipata mgonjwa asiyeweza kujieleza: nikachukua daftari nikaanza kuiandikia chati.

Siku ya kwanza iliwaka saa 1:10 usiku, ikazima saa 1:48, ikarudi saa 2:01, ikazima tena saa 2:29. Siku ya pili hivyo hivyo: mara ya kwanza inakaa muda mrefu, mara ya pili mfupi kidogo, mara ya tatu mfupi zaidi. Lakini alfajiri, wakati paa limepoa, ilikaa zaidi ya saa nzima bila kuzima hata mara moja. Ndugu msomaji, jibu nilikuwa nalo mkononi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikulisoma.

Tukamwita mtu wa matengenezo wa jengo. Hakuuliza maswali. Alipanda ngazi, akachomoa kile kiboksi cheupe kinachokaa nyuma ya taa, akaweka kingine alichokuja nacho mfukoni, akatuambia tatizo limekwisha. Na kweli taa haikuzima tena. Kile kiboksi cha zamani nilikitupia kwenye droo ya vijiko, kwa ile tabia yetu ya kutotupa kitu. Nikafurahi hata nikaenda dukani nikanunua taa sita zenye kiboksi kama kile kipya. Mwenzangu wa wodini aliyekuwa anakwenda likizo akanibebea hadi Tanga kwa mama, ambaye alikuwa ameezeka upya na kuweka dari.

Harufu ya samaki

Siku ya tisa nilirudi kutoka shifti ya usiku, nikapokewa mlangoni na harufu ya samaki anayeungua. Mimi mtu wa Tanga, harufu ya samaki hainishtui. Nikajua jirani anakaanga. Nikavua viatu, nikateleka maji ya chai. Ndipo nikakumbuka kwamba jirani yule yuko likizo kwao, na kwamba saa 12:40 asubuhi si saa ya kukaanga samaki.

Nikatazama juu. Kuizunguka taa, kwenye dari nyeupe, kulikuwa na duara la rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika. Taa yenyewe ilikuwa inawaka vizuri kabisa, tangu jana yake jioni, bila kutetemeka. Baba na mtoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Nilikwenda kwenye boksi la swichi kuu, nikashusha ya jikoni, nikawaamsha. Kisha nikakaa sakafuni, miguu haina nguvu. Kwa wasiojua: plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kupita kiasi mara nyingine hunuka kama samaki. Ukisikia harufu hiyo na hakuna aliyepika samaki, usitafute sufuria, tafuta umeme.

Ijumaa akaja fundi mmoja wa Likoni anayefanya kazi za umeme hapa Doha. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na daftari. Alilisoma polepole kama mtu anayesoma barua.

“Dada, hiki cha zamani kilikuwa na ubaya gani?”

“Kilikuwa kinazima taa.”

“Taa ilikuwa inazima, au inajizima?”

Sikuwa na jibu. Akapanda ngazi, akaishusha taa. Kiboksi kipya kilikuwa kimelainika na kupinda upande mmoja, na ndani yake kopo moja dogo limevimba kichwa. Kisha akaingiza mkono darini, akavuta pembe ya godoro la pamba ya kuzuia joto. Lilikuwa limetandazwa juu ya taa na kiboksi chake, limevifunika gubigubi.

“Basi ndiyo hivi, dada. Kile cha zamani kilikuwa kimefunikwa blanketi kwenye dari yenye joto, kila jioni kinakwambia nimezidiwa, nipumzishe. Mkakitoa kinacholia, mkaleta kisichojua kulia.”

Joto linatoka wapi?

Nilimketisha, nikamwekea chai na viazi karai, nikamwuliza yote. Haya ndiyo niliyoelewa, na nimeyahakikisha kwa kusoma kabla ya kuwaletea.

Balbu ya zamani ya waya hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana ukiweka mkono chini yake unaungua. LED haifanyi hivyo. Mwanga unatoka mbele ukiwa baridi, tukadhani taa nzima ni baridi. Kumbe katika taa za kawaida zaidi ya nusu ya umeme inaoula bado unageuka joto, isipokuwa joto hilo linabaki nyuma, kwenye kibamba ilichobandikwa LED, na njia yake ya kutoka ni kupitia alumini na hewa iliyo nyuma yake. Ziba njia hiyo, joto linakaa humo humo.

Pili, LED haili umeme wa ukutani. Hapa Qatar ukutani kuna volti 240, nyumbani 230, na ni umeme unaogeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde. LED nyeupe moja inataka kama volti 3 tu, za mwelekeo mmoja. Zikipangwa 12 kwa mfululizo ni kama volti 36. Kile kiboksi, ambacho mafundi wanakiita draiva, ndicho kinachoutafuna umeme wa ukutani na kuulisha LED kwa kijiko.

Na hapa pana mtego. LED ikipata joto, volti inazohitaji zinashuka. Ukiendelea kuilisha volti zilezile, mkondo wa umeme unapanda, mkondo ukipanda joto linaongezeka, joto likiongezeka mkondo unapanda tena, hadi inaungua. Kwa hiyo draiva nzuri haishikilii volti, inashikilia mkondo. Inaupima muda wote na kuurudisha kwenye kiwango chake, kama tunavyoiwekea dripu idadi ya matone.

Lile kopo lililovimba ni kapasita. Kazi yake ni kutuliza mawimbi ya umeme, na ndani yake mna majimaji yanayokauka taratibu kwa joto. Mafundi wana kanuni yao: kila nyuzi 10 unazompunguzia, umri wake unakuwa mara mbili, na kila 10 unazomwongezea, unakuwa nusu. Taa nyingi tunazosema “LED imekufa” LED zake ni nzima. Kilichokufa ni kapasita ya draiva.

Draiva inajuaje kuwa kuna hitilafu?

Kwa kupima vitu vitatu, kama sisi tunavyopima presha, mapigo na joto.

Inapima volti inazotoa. LED moja ikikatika katika mfululizo, njia yote imekatika, taa inazima, na volti za draiva zinataka kupaa zikitafuta pa kupita. Draiva nzuri inaona zimepita kiwango na inasimama. Inapima mkondo pia. Waya zikigusana, mkondo unaruka ghafla na draiva inakata kabla chochote hakijaungua. Tatu, inapima joto. Chipu iliyo ndani yake ina kipimo chake, na katika chipu nyingi mpaka ni karibu nyuzi 150. Nyingine zinaongezewa thamista, kitu kidogo kama punje ya dengu kinachobandikwa karibu na LED, ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda.

Ikishagundua, inafanya moja kati ya mambo matatu. Ya kwanza ni kupunguza: mkondo unashushwa kidogo kidogo, mwanga unafifia, taa inaendelea kuishi. Ya pili ni kujizima na kujaribu tena. Ikijizima kwa joto haiwaki papo hapo likishuka kwa nyuzi moja. Inasubiri lishuke kama nyuzi 20 hivi, isije ikawa inazima na kuwaka kila sekunde. Zile dakika 13 kwenye daftari langu, kuanzia 1:48 hadi 2:01, ndizo hizo: taa ilikuwa inapoa. Na mizunguko ilikuwa inafupika kwa sababu dari ilizidi kujaa joto. Ya tatu ni kujifunga kabisa hadi mtu azime swichi na kuwasha upya.

Sisi wa Qatar mfano wake tunaujua. Kwa amri ya mwaka 2021, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 kazi za nje kwenye jua haziruhusiwi kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Tena wakati wowote, kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1, kazi lazima isimame. Ukipita ukawaona vijana wa ujenzi wamekaa kivulini saa saba, huwezi kusema wameharibika, tuwabadilishe. Wamekaa kwa sababu kuna mpaka, na mpaka umefika.

Aibu yangu iko hapa. Wodini pampu ya dripu ikilia, kuna kifungo cha kuinyamazisha. Unaweza kukibonyeza, chumba kikatulia, na mrija ukabaki umekunjika palepale. Kila muuguzi anajua uchovu wa alamu, na kila mmoja anafundishwa: kabla ya kunyamazisha, fuata mrija kwa macho kutoka chupa hadi mkononi. Wanafunzi nawafundisha hilo kila wiki. Nyumbani kwangu nikashangilia mtu aliponiletea kitu kisicho na alamu.

Andika chati kabla ya kumwita fundi

Taa ikianza kisirani, angalia saa kabla hujapanda ngazi. Namna inavyozima inasema mengi:

- Inawaka nusu saa au zaidi, inazima dakika kadhaa, inarudi, na inazidi wakati wa joto: ni kinga ya joto. Tafuta kinachoifunika au kinachoipasha moto.
- Inapepesa kila sekunde au mbili bila kukoma tangu unapoiwasha: draiva inajaribu na kushindwa. Huenda waya zimegusana, LED imekatika, au kapasita imechoka.
- Inafifia polepole jinsi usiku unavyokwenda, na asubuhi inarudi sawa: inajipunguza kwa joto.
- Imezimwa lakini inabaki na mwanga hafifu: mara nyingi ni swichi yenye kitaa ndani inayopitisha umeme kidogo. Hili si la joto.
- Kuna harufu, mlio wa kukaanga au doa darini: usiandike chati. Shusha swichi kuu sasa hivi, toa watu nje ukiona moshi. Kwa Qatar namba ya dharura ni 999.

Kama umepanga, chati hiyo mpelekee mwenye nyumba pamoja na picha. “Taa mbovu” ni neno rahisi kupuuzwa. “Imezima saa 1:48, imerudi 2:01, imezima 2:29” haipuuzwi kirahisi. Na draiva usiifungue mwenyewe, kwani kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima.

Kisha soma kibandiko cha draiva, hasa kama unanunua ya kupeleka nyumbani. Fundi alinionyesha cha ile ya zamani. Herufi ta ni joto la juu la hewa inayoizunguka, yetu ilisema 45. Nyuzi 45 zinaonekana nyingi hadi ukumbuke dari ya ghorofa ya juu Doha mwezi Julai, au ile nafasi kati ya bati na dari kwetu saa nane mchana. Herufi tc zenye nukta pembeni zinaonyesha mahali pa kupima joto la ganda na kiwango lisichotakiwa kupita. Pembetatu yenye namba ndani, kwa mfano 110, maana yake draiva ina kinga ya joto na ganda lake halitakiwi kuzidi nyuzi hizo. Na ukiona mchoro wa taa iliyofunikwa kisha ukapigwa mkato, basi isifunikwe na godoro la darini.

Ukibadilisha draiva, mkondo uwe uleule ulioandikwa kwenye ya zamani, tuseme miliampia 300, na volti za taa yako ziwe ndani ya kiwango inachotoa. Kuingia kwenye tundu pekee hakutoshi. Pia kibandiko kinaweza kudanganya, kwa hiyo nunua penye risiti, na uwe na shaka na draiva isiyosema chochote.

Matibabu ya taa yetu hayakugharimu hata riyali moja. Fundi alilivuta godoro nyuma kiasi cha shibiri mbili, akaiweka draiva pembeni peke yake, akarudisha ile ya zamani kutoka droo ya vijiko. Ilikuwa nzima siku zote.

Simu ya Tanga

Fundi alipoondoka ndipo nilipokumbuka zile taa sita. Nikapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Taa zako nzuri mno! Zote zimewekwa. Ya ukumbini inawaka tangu magharibi hadi alfajiri, hata haipepesi.”

Wiki mbili nyuma maneno hayo yangenifurahisha.

“Mama, naomba uzizime zote.”

Kimya. Kisha: “Mwanangu, taa mpya hizi, na wewe mwenyewe ndiye uliyezileta.”

Nikajaribu kueleza mkondo, nikajaribu kueleza kapasita, nikamsikia anaitikia kwa adabu tu kama anavyomwitikia mgeni. Mwisho nikaacha umeme, nikarudi kwenye kazi yangu na yake, maana amelea watoto sita.

“Mama, mtoto mwenye homa anayelia na mtoto mwenye homa asiyelia, yupi anakutisha?”

“Asiyelia,” akasema mara moja.

“Taa nilizokuletea hazijui kulia.”

Akamwita mpwa wangu hapo hapo, nikiwa bado kwenye simu. Kijana alishusha swichi kuu, akazitoa moja moja, akanitumia picha. Kwenye vibandiko hakuna ta, hakuna tc, hakuna pembetatu. Kiboksi cha ukumbini kilikuwa kimeanza kugeuka rangi upande mmoja, chini ya bati, ndani ya nyumba ambayo mama analala peke yake. Picha hiyo sijaifuta.

Nimenunua nyingine nne, mara hii nikiwa na miwani na bila haraka. Zinasubiri mtu wa kunibebea. Kwa sasa mama anatumia taa zake za zamani na analalamika kuwa ukumbi una giza. Namwacha alalamike.

Juzi usiku ile ya jikoni ilijizima tena. Zamani tungeguna. Safari hii mwanangu aliweka penseli chini akasema, “Mama, taa imezidiwa.” Akaenda mwenyewe kuchukua daftari, akaandika saa 1:35. Tukashusha swichi, baba yake akapanda ngazi kuangalia. Godoro lilikuwa limeteleza, pembe yake imeifikia draiva.

Nawatakieni kiangazi chema, na wanaokwenda likizo safari njema. Kama mna taa ya aina hii nyumbani, niandikieni na chati zenu. Toleo lijalo ni zile chanjo, sitateleza tena.